Pigo Lililoitwa Jepesi

Glenda Hruska aliendesha basi la shule katika mji wetu wa kando ya mto Monongahela kwa muda mrefu sana, hata akafika kuwabeba watoto wa wale aliowabeba wakiwa watoto. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na mikono aliirithi kwa baba yake, mtu wa tanuru enzi za kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa. Mumewe alipomwacha na kuhamia Florida na mwanamke mwingine, Glenda hakulia mbele ya mtu. Alianza tu kufika kazini mapema mno. Alikuwa akikaa ndani ya basi tupu pale uani, injini imezimwa, mikono juu ya usukani, anatazama ukuta.

Mimi nilikuwa fundi wa mabasi hayo. Nilimkuta hivyo asubuhi nyingi, na siku moja nikamgongea kioo. Nikamwambia aje Alhamisi jioni kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Waslovaki, kuna jambo huenda likampendeza.

"Jambo gani, Vern? Bingo?"

"Kupigana."

Alinitazama kama anayetaka kunusa pumzi yangu kama nimelewa. Lakini Alhamisi alikuja, na koti lake la kazini mwilini.

Chama chetu kinajiita Ufalme. Tunavaa kama watu wa Ulaya wa karne za zamani, tuna mfalme na malkia wanaobadilishwa kila msimu, tuna mabaroni, tuna washonaji na wapishi wanaobishana juu ya viungo. Mfalme wa mwaka ninaousimulia alikuwa kijana muuza bima. Hayo yote wageni huyaona wakacheka, na sisi hucheka nao. Ila kiini chake ni mapigano, na mapigano yetu si maigizo. Hakuna anayejua nani atashinda. Tunavaa deraya za chuma na ngozi, tunabeba ngao, na panga zetu ni fimbo nene za henzirani zilizoviringishwa utepe wa gundi. Fimbo hiyo ikikukuta pajani, utapanda ngazi kwa kuchechemea wiki nzima.

Uwanjani huwa kuna refa, lakini kazi yake ni kuzuia ajali, basi. Hatoi hukumu. Hukumu anaitoa aliyepigwa. Ni yeye peke yake anayejua kama pigo lingemuua, laiti fimbo ingekuwa upanga. Akiona limetosha, husema "limeingia," akaanguka. Akiona halikutosha, husema "jepesi," na mchezo unaendelea. Hakuna ruhusa ya kumbishia. Hiyo tunaiita heshima, na kwa wageni tunaieleza kwa fahari kubwa, kana kwamba tuliibuni sisi.

Glenda aliipenda kazi hiyo kuanzia jioni ya kwanza. Alipigwa mpaka akawa na michubuko ya rangi ya zabibu, akarudi tena. Kwenye gereji yake alisimamisha nguzo, akaivalisha tairi kuukuu, na kila jioni akaipiga mpaka majirani wakamuuliza anajenga nini. Uwanjani alichagua kuitwa Hildur, ingawa jina hilo lilisikika siku za sherehe tu. Baada ya miaka michache hakukuwa na mwanamume katika kaunti yetu aliyesimama mbele yake bila kumeza mate.

Nilidhani nimemtendea wema, na kwa muda ilikuwa hivyo. Alicheka zaidi. Alianza kuleta pierogi za mama yake, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, kwenye mazoezi. Kisha taratibu likaanza kumwingia jambo jingine, nami nililiona likiingia.

Wapiganaji wetu wakubwa huvaa mkanda mweupe. Mkanda huo hauombwi. Wenye mikanda hukaa hemani peke yao, wakajadili nani anastahili kuingia miongoni mwao. Kila mwaka jina la Glenda lilipelekwa hemani, na kila mwaka lilirudi kama lilivyokwenda. Sababu zilivuja, kama zinavyovuja siku zote. Kwamba hakai na wenzake motoni. Kwamba hacheki utani wa wakubwa. Kwamba anapiga kama mtu anayekung'uta zulia, hana uzuri wa mchezo. Wengine walioingia kabla yake aliwahi kuwalaza chini siku moja na nyingine, lakini walijua kubeba maji ya watu, na walijua kumwaga mvinyo.

Na mapigo yake yalikuwa mepesi kila mara. Hilo ndilo lililomkera kuliko mkanda. Alikuwa anampata mtu shingoni, sote tukisikia mlio, na ndani ya helmeti inatoka sauti tulivu: jepesi. Mwanamume akimpiga mwanamume mwenzake kwa nguvu hiyo hiyo, mtu alianguka. Mmoja wa wenye mikanda alimwita kando siku moja na kumpa ushauri, kwa upole kabisa.

"Dada, mimi nakuona. Una mkono. Ongeza nguvu tu, wataanguka wenyewe."

"Nikiongeza zaidi ya hapa nitamuumiza mtu."

"Ndiyo maana tunavaa chuma, mama."

Basi akaongeza. Tairi la gereji likapasuka, akafunga jingine.

Mtu aliyesifika kwa kutosikia mapigo alikuwa Royce Lockridge. Alikuwa baroni wetu, muuza magari ya mitumba, mwenye kicheko kilichofika mwisho wa kambi. Nisije nikamchora vibaya. Paa langu lilipong'olewa na upepo, alikuja na ngazi yake kabla sijamwomba. Kwenye kambi alichoma nyama ya watu wote na hakukubali shukrani. Lakini akishafunga helmeti alikuwa mtu mwingine. Tulimwita Kifaru, kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye mbele yake, naye akaanza kujibu kwa jina hilo. Glenda alikuwa amempiga mara nyingi kwa miaka mingi. Kwa mujibu wa Royce, hakuwahi kumgusa.

Ilikuwa Agosti, kambi kubwa, kwenye mashamba ya kaskazini ya Pittsburgh. Jua lilikuwa limekausha nyasi mpaka zinavunjika chini ya viatu. Glenda alipenya mashindano yote ya asubuhi, na kati yake na fainali akabaki mtu mmoja, Royce. Watu walijaa pande zote nne za kamba. Mke wa Royce, Noreen, alikaa mbele chini ya mwavuli wa turubai, anajipepea kwa sahani ya karatasi.

Pigo la kwanza lilimpata Royce juu ya sikio. Jepesi. La pili lilimpata palepale, na ngao yake ikashuka kidogo kabla hajairudisha. Jepesi. La tatu lilimfanya apige hatua ya pembeni, na refa akainua fimbo yake kusimamisha mchezo.

"Baroni, una hakika?"

"Jepesi, bwana refa," alisema Royce, na akainua sauti ili wote tusikie. "Huyu mama anafukuza nzi."

Watu walicheka. Nilimtazama Glenda. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaishusha fimbo, na nikafikiri anataka kuacha. Alikuwa anapumua. Kisha alikwenda mbele na kiuno chake chote kikageuka na pigo, kama anavyolipiga tairi.

Mlio ule haukuwa wa henzirani juu ya chuma. Ulikuwa mzito na mfupi, kama mlango wa lori ukifungwa ndani ya chumba. Kelele za watu zilikatika. Royce alisimama wima. Tulingoja. Sauti ilipotoka ndani ya helmeti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea na nafsi yake.

"Jepesi."

Kisha mkono wake ukazunguka polepole, na fimbo yake ikagusa mbavu za Glenda. Mtoto angeweza kupiga kwa nguvu zaidi. Glenda alisema limeingia, akaanguka.

Aliniambia baadaye kwamba alitaka iishe, basi. Na kwamba akiwa amelala chali nyasini, watu wakipiga makofi, alimwona Royce hajainua mkono kuwapungia kama desturi yake. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama chini, huku na huku, kama aliyeangusha funguo.

Royce hakupigana fainali. Alisema joto limemzidi. Jioni alikula vizuri, akaimba na wengine, na kambi ilipovunjwa akaendesha gari lake mwenyewe mpaka nyumbani. Mwezi wa Septemba akaanza kuangusha vikombe. Akawachanganya wanawe majina. Asubuhi moja Noreen alimkuta ndani ya gari mbele ya nyumba, injini inaunguruma, mkanda wa kiti umefungwa, amekwisha kufa. Madaktari walisema damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa kidogo kidogo kwa muda. Walimuuliza mkewe kama alianguka mahali. Noreen alisema aliteleza bafuni wiki iliyotangulia.

Tulimzika kwa bendera na majoho. Glenda alisimama nyuma kabisa na koti la udereva. Ningependa kusema watu walimtazama vibaya, ingekuwa afadhali kwake. Hakuna aliyemtazama vibaya. Wote walimkumbatia. Baada ya maziko alikwenda kwa wenye mikanda, waliokuwa wamekusanyika kando ya magari, akawaambia kwamba ni pigo lake lililomuua Royce. Wakatazamana. Mmoja wao akamshika bega.

"Glenda, pigo lile lilikuwa jepesi. Mwenyewe alisema."

Alijaribu tena, na wakamjibu vilevile, kwa huruma na subira, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Kwa sheria yetu neno la aliyepigwa ndilo la mwisho, na sasa aliyepigwa hawezi tena kulibadili. Pigo lile halikuwahi kupigwa. Glenda aliambiwa hana kosa, na aliambiwa hivyo na watu walewale waliomwambia miaka yote kwamba mapigo yake ni mepesi.

Majira ya kuchipua yalipofika tulikuwa na vita vya msituni, pande mbili, mamia ya watu. Vita vikiisha, parapanda hulia na wote waliobaki wima huanguka pamoja, ndiyo desturi, kuwaheshimu waliokufa mapema. Glenda hakuwa akipigana siku hiyo, tulisimama pamoja nje ya kamba. Parapanda ikalia, wote wakalala, msitu ukawa kimya mpaka tukasikia maji ya kijito. Glenda akanigusa kiwiko.

"Yule pale kwenye mti, mbona haanguki?"

Nikatazama. Niliona mti.

"Yupi?"

Alikuwa amekaza macho kwenye kitu kilichokuwa na urefu wa mtu, kwa jinsi alivyoinua kidevu.

Baadaye alianza kumwona ndani ya basi. Aliniambia uani asubuhi moja, bila kupandisha sauti, nikiwa chini ya boneti. Kwenye kioo cha juu, kiti cha mwisho, jitu kubwa limekaa limepakata helmeti, watoto wanampita na mabegi yao hawamwoni. Aliomba abadilishiwe basi. Nilimpa jingine, jipya zaidi. Siku ya tatu alirudisha funguo, akasema haina tofauti, bora alilolizoea. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Siogopi. Amekaa tu. Ananitazama kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema."

Wazazi walianza kugundua kwamba basi lake linachelewa. Alikuwa anafungua mlango kwenye kila kituo na kuuacha wazi, watoto wamekwisha kushuka, anangoja. Kisha anafunga, anaondoka.

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu pigo lile, wenye mikanda waliingia hemani, na safari hii jina lake halikurudishwa. Wakampelekea habari kwamba atavikwa mkanda mweupe kwenye kambi ya Agosti, siku ya mashindano mapya yatakayochezwa kwa jina la Royce. Nilimpongeza. Akaniomba nimpeleke kwa Noreen.

Noreen alitukaribisha jikoni. Alikuwa amepika kabeji na tambi kwa siagi, akatupakulia bila kuuliza kama tuna njaa. Wanawake wale wawili walizungumza habari za wajukuu na za bei ya gesi ya kupashia nyumba. Glenda hakugusa chakula. Mwishowe akauliza swali lake moja kwa moja, kama mtu anayetumia pumzi yake ya mwisho.

"Alisema nini kuhusu pigo lile?"

Noreen aliinuka akapunguza moto ulioko chini ya birika, ingawa ulikuwa mdogo tayari. Alipojibu alikuwa ametupa mgongo.

"Jioni ile nilikuwa namfungua kamba za deraya. Akaniambia, Noreen, yule mwanamke ameniua mara nne leo. Alikuwa anacheka. Nikamuuliza, sasa mbona hukuanguka, mume wangu? Akasema watu walikuwa wanatazama."

"Na bafuni?" Glenda akauliza.

"Aliteleza kweli. Aliteleza kwa sababu mguu ulikuwa haumtii tena." Akageuka. "Sikulaumu, dada. Toka siku ile mpaka leo sijakulaumu. Ila usiwaambie. Wajukuu zake watakaa mbele siku hiyo, wamenunuliwa majoho. Waache wabaki na babu yao."

Glenda akasema sawa. Akauchukua uma, akala sahani yote, mpaka tambi ya mwisho, na Noreen alisimama akimtazama anavyokula.

Tulikuwa kwenye gari, tunavuka daraja, alipoanza kusema.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema. "Miaka yote hiyo, Vern, nilikuwa nataka mtu mmoja tu aniambie niko sahihi."

Aligeuza uso dirishani, na nikaendesha.

Siku ya kuvikwa, Ufalme wote ulikaa mbele ya jukwaa. Wajukuu wa Royce walikuwa mstari wa kwanza, majoho yanawazidi. Glenda aliitwa kwa jina la Hildur, akaja, akapiga goti. Kijana muuza bima, na taji kichwani, akasoma maneno marefu ya sifa, kisha akauliza kama anaupokea mkanda.

"Hapana, mtukufu," Glenda akasema.

Mfalme alidhani hajasikika vizuri. Akauliza tena. Glenda akasema tena hapana, kwa heshima ileile, akainuka, akapita katikati ya watu na kutoka. Njiani alisimama mbele ya wale watoto, akawainamishia kichwa kama tunavyowainamishia watu wa cheo. Noreen alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Maneno yaliyofuata unaweza kuyakisia. Kwamba ana kiburi. Kwamba amemvunjia heshima marehemu siku yake. Nilimsikia mwenye mkanda mmoja akisema kwenye foleni ya bia kwamba walimpa kwa kumhurumia na bado anaringa. Glenda hakumweleza mtu chochote, na mimi nilifunga mdomo kwa kuwa siri haikuwa yangu. Hili ninalisimulia leo kwa sababu Noreen naye ametangulia, na wale wajukuu ni watu wazima walioambiwa na bibi yao mwenyewe.

Hakuonekana tena kwenye mazoezi. Majira ya baridi yakapita, na mengine. Nguzo ya gereji aliing'oa. Nilimwona kila siku uani, tukaongea habari za breki na matairi, si zaidi. Basi lake liliendelea kuchelewa kidogo, na shule ikakoma kulalamika.

Kisha Alhamisi moja akashuka ngazi za ukumbi wa kanisa, hana fimbo wala deraya, akaomba afundishe wageni. Tulimuuliza atafundisha nini. Akasema kuanguka.

Wengine walidhani anatania. Lakini alitandika mikeka, akawaonyesha jinsi ya kulegeza magoti, jinsi ya kushuka na ngao bila kuvunja mkono, jinsi ya kulala ili mwenzako asikukanyage. Jioni baada ya jioni hakuna kingine. Wageni wake hawapigi sana, ila wakiguswa wanashuka kama mashuka yaliyochomolewa kwenye kamba. Mwaka jana alikuja kijana wa chuo, mchezaji wa raga, kifua kama kabati. Akapigwa kichwani mbele yetu sote, akatikisa helmeti, akasema jepesi. Glenda akatoka kwenye kiti chake akamwendea taratibu.

"Umesikia kitu?"

"Nimesikia, mama, lakini lilikuwa la kupapasa."

"Nimekuuliza kama umesikia."

"Nimesikia."

"Basi lala chini, baba. Hakuna anayekutazama."

Kijana alilala. Glenda akamfunika kichwa kwa kiganja, juu ya ile helmeti, akakiacha hapo kidogo kabla ya kurudi kitini.

Sasa amestaafu udereva. Nywele zimekuwa nyeupe na anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Kila Alhamisi, mazoezi yakiisha, anatuambia tuanguke wote kwa pamoja, wazee kwa wageni, na sisi tunaanguka. Kisha anasimama peke yake katikati ya ukumbi na kututazama, mmoja mmoja. Jioni nyingine anaridhika upesi na kutuambia tuinuke twende nyumbani. Lakini ziko jioni ambazo macho yake yanatupita sote na kufika ukutani, penye mlango wa chumba cha boila, na hapo yanakaa. Kidevu ameinua, kama siku ile msituni. Sakafu ya saruji ni baridi, nasi ni watu wenye viuno vibovu. Tunalala palepale, tunasikiliza maji yakipita kwenye mabomba juu yetu, tunangoja Glenda aseme tuinuke.